Barua ya mwenye nyumba Berlin: tuna kelele kweli, au wanatuchukia?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Berlin, mtaa wa Wedding, ghorofa ya pili ya jengo la zamani, pamoja na mume wangu na watoto wa miaka 4 na 7. Wiki iliyopita tumepata barua ya mwenye nyumba. Anasema majirani wanalalamika kwamba usiku tunaongea na simu kwa sauti kubwa, na kwamba Jumapili wageni wetu "wanagombana". Hakuna aliyegombana, tulikuwa tunakula na kucheka. Je, kweli tuna kelele, au ni ubaguzi tu? Tena mama mkwe anakuja mwezi wa 6 kukaa nasi miezi mitatu. Nitamwambiaje ashushe sauti?

Jibu:

Dada, yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Sauti yenu inaweza kuwa inamfikia jirani, na jirani huyohuyo anaweza kuwa na chuki yake. Usichague upande kabla hujapima. Sauti ina kiasi, ina saa na ina chumba inakotokea, na vyote vitatu unaweza kuvijua ndani ya wiki moja. Tuanze na nyumba yenyewe, maana lawama nyingi za aina hii hutokana na sakafu kuliko watu wanavyodhani.

Mtu anayeongea kawaida, ukimsikiliza ukiwa mita 1 kutoka kwake, hutoa sauti ya kama dezibeli 60. Akiinua kidogo hufika 68, akipaza hufika 75, akipiga kelele hufika 82 au zaidi. Dezibeli hazijumlishwi kama kilo za unga: kila zinapopanda 10, sikio huona sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo simu ya dezibeli 75 inamfikia msikilizaji kama sauti iliyo karibu mara tatu ya mazungumzo ya kawaida, ingawa wewe mwenye simu unajiona umeongeza kidogo tu.

Sasa ondoa kile kinachozuiwa na jengo. Kanuni ya ujenzi ya Ujerumani, DIN 4109, katika toleo lake la 1989, ilitaka ukuta unaotenganisha nyumba mbili upunguze sauti kwa dezibeli 53, na sakafu kwa 54. Ukiongea kwa 60, jirani wa chini habakiwi na kitu cha kusikia. Ukipiga kelele kwa 82, zinamfikia kama 28. Hizo 28 mchana zinamezwa na magari, lakini usiku chumba cha kulala kinachoelekea uani kinaweza kushuka hadi dezibeli 20 au 25, na hapo 28 zinaweza kumwamsha mtu. Kanuni nyingine ya Kijerumani, inayohusu kelele za mitambo na biashara, huweka dezibeli 35 mchana na 25 usiku kuwa kikomo cha sauti inayopenya kupitia jengo hadi chumba cha jirani. Haikuandikiwa familia zinazoongea, lakini inakuonyesha kiwango ambacho usingizi wa mtu huanza kuguswa.

Jengo lenu si la 1989. Majengo mengi ya zamani ya Wedding yalijengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza: boriti za mbao, mbao za sakafu juu yake, na katikati pamejazwa mchanga au kifusi. Sakafu ya namna hiyo mara nyingi haifikii 54, kwa hiyo hata sauti ya 75, isiyo kelele kwa mtu wa Tanga, inaweza kushuka chini na kusikika. Hesabu hii ni ya makadirio, kwani mwangwi wa chumba nao unaongeza au kupunguza, lakini inakueleza kwa nini jirani wa chini anaweza kulalamika. Na kuna jambo la kukutetea: mahakama za Ujerumani huangalia kanuni iliyokuwepo jengo lilipojengwa. Aliyepanga katika jengo la zamani hawezi kudai ukimya wa jengo jipya. Mazungumzo ya kawaida, hatua za miguu, mtoto anayelia, hayo anatakiwa kuyavumilia.

Tenganisha pia sauti ya hewani na sauti ya kugonga. Maneno husafiri hewani, kisha hutikisa ukuta. Mchi kwenye kinu, kiti kinachoburutwa, mtoto anayeruka kutoka kitandani, hivyo hupiga jengo lenyewe, na boriti husafirisha pigo hilo hadi vyumba vya mbali. Kutwanga kitunguu saumu dakika tano saa 3 usiku kunaweza kumuudhi jirani kuliko simu yote ya jioni. Weka kinu juu ya kipande cha mpira kinene na taulo iliyokunjwa mara nne, ukitwangie kwenye meza nzito iliyo karibu na ukuta wa nje, na usitwange baada ya saa 2 usiku wala Jumapili. Viti vibandike vitambaa vya sufu miguuni, vinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Zulia lenye tabaka laini chini yake hupunguza sana hatua na viti, ila halizuii maneno.

Hapa wengi hupoteza pesa. Hununua sponji za kubandika ukutani, au trei za mayai, wakidhani zinazuia sauti isitoke. Hazizuii. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako, basi. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa: mpira wa kuziba chini ya mlango mkuu unaotokea kwenye ngazi, na mpira mpya kwenye fremu za madirisha. Dirisha likiachwa limeinama ili hewa iingie, sehemu kubwa ya kinga yake imekwisha, na ua wa ndani wa majengo ya Berlin, uliozungukwa na kuta ngumu pande zote, hurudisha sauti kwenye kila dirisha. Bafu lisilo na dirisha nalo lina mkondo wa hewa unaopanda jengo zima. Anayekimbilia bafuni ili "asisumbue" mara nyingi anaongea moja kwa moja na bafu la jirani.

Nimeulizwa mara nyingi kama sisi tuna sauti kubwa kwa asili. Hapana. Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni huinua sauti bila kukusudia, na ikiondolewa huishusha. Kwa wastani, kila dezibeli 1 ya kelele ya nyuma huongeza karibu nusu dezibeli ya sauti yako. Fikiria nyumba tulizokulia: madirisha ya nondo na wavu, mlango wazi mchana kutwa, jikoni uani, mvua juu ya bati, redio ya jirani, bodaboda. Unamwita mtoto aliye nyuma ya nyumba huku unakaanga. Sauti ya 70 pale ndiyo ya kawaida, na mwenye 60 ataambiwa hasikiki. Kelele hiyo haipo Wedding, na sehemu ya sauti hushuka yenyewe ukifunga madirisha. Kinachobaki ni mazoea: kuitana kutoka chumba hadi chumba, kudakia maneno kwa furaha, kumsalimia mgeni tangu yuko ngazini.

Na mazoea hayo ni adabu, si ukosefu wake. Kwetu anayekaribia mji wa mtu hupaza hodi. Anayeingia kimyakimya anatiliwa shaka. Wawili wakinong'ona mbele ya watu, wanasengenya. Aliyekaa kimya kwenye karamu amenuna au ana lake. Ujerumani adabu imewekwa mahali pengine. Ngazi ni ya wote, hivyo hakuna anayeijaza kwa maneno yake. Mlango hufungwa kwa mkono hadi kitasa kiingie. Na jirani anayejitahidi usijue mambo yake anaona amekuheshimu, naye anataraji hivyo kutoka kwako. Hata kuandika barua badala ya kubisha hodi, jambo linalotuuma sana, wengi wao huliona kuwa njia ya upole, kwa vile halikuaibishi uso kwa uso.

Neno "wanagombana" katika barua yako linaeleweka hivi. Asiyejua lugha hana maneno ya kushika, anashika ukubwa wa sauti, kasi, na watu wangapi wanasema kwa pamoja. "Weee! Muongo wewe! Toka hapa!" ni mapenzi matupu mezani kwenu, lakini kupitia sakafu yanafika makofi ya sauti bila maana. Mwanaisimu wa Marekani Deborah Tannen alipochambua mazungumzo ya mezani alionyesha kwamba kwa wasemaji wengine kudakia neno la mwenzako ni kumuunga mkono, na kwa wengine ni kumkata kauli. Wote walikuwa wasemaji wa lugha moja, wakakwazana. Wala usidhani Ulaya yote ni kama jirani yako: kwenye meza ya Kihispania usingeonekana una sauti, na Wajerumani wenyewe kwenye mpira au bustani ya bia husikika mtaa wa pili.

Wewe, mtu wa pwani, huhitaji kuazima adabu ya sauti ya chini. Unayo: ile ya nyumba yenye mgonjwa, ile ya mzee aliyelala alasiri, ile ya matangani. Hiyohiyo ihamishie kwenye ngazi na kwenye saa za usiku. Usitumie kunong'ona. Kunong'ona kwa muda mrefu kunachosha koo na hakuna furaha ndani yake. Anayetaka kusikika kwa sauti ndogo asogee karibu, amtazame anayesema naye, apunguze kasi.

Sasa pima. Pakua kipima dezibeli kwenye simu. Kinaweza kukosea dezibeli kadhaa, lakini kwa kulinganisha kabla na baada kinatosha. Kiweke mita 1 kutoka kwako ukiwa kwenye mazungumzo halisi ya video na nyumbani, usikiangalie, kisha soma wastani na kilele. Halafu mume wako aendelee kuongea sebuleni, wewe utoke ngazini na kufunga mlango. Ukisikia mlio tu, si vibaya. Ukishika maneno, jirani naye anayashika. Rudieni kwa chumba cha kulala, jikoni na bafuni, saa 5 usiku siku ya kazi, maana mchana hutapata jibu la kweli. Kama una uhusiano na yeyote wa ghorofa ya chini au ya juu, mwombe akusikilizie dakika kumi. Kipimo hicho kinashinda vyote.

Simu ndiyo nadhani itaongoza katika vipimo vyako, kwa sababu inakusanya makosa yote. Simu ya video umeishika mbali na uso, spika imewashwa. Aliyeko Tanga yuko barazani penye kelele, anapaza, nawe unamfuata. Mtandao ukikatika, mnapaza zaidi, ingawa sauti haitengenezi mtandao. Na kuna jambo ambalo watu hawalijui: programu za kupigia simu hurekebisha zenyewe ukubwa wa sauti yako kabla ya kuituma. Ukipiga kelele, programu inaipunguza, pengine na kuikwaruza. Wa Tanga hapati zaidi. Anayepata zaidi ni jirani.

Kwa hiyo tumia hedifoni ya waya yenye kinasa sauti karibu na mdomo, na uvae sikio moja tu. Ukiziba masikio yote mawili hujisikii, na asiyejisikia huinua sauti palepale. Ni kanuni ileile ya Lombard. Mwombe wa upande wa pili aingie ndani au naye avae hedifoni. Mtandao ukiwa mbaya, zimeni video mbaki na sauti. Ukiendelea kuwa mbaya, kata, tuma ujumbe wa sauti, pigeni baadaye. Kaa kwenye chumba ambacho chini yake hakuna kitanda cha mtu. Katika majengo yenu vyumba vimepangwa vilevile kwa kila ghorofa, hivyo chini ya chumba chenu cha kulala kuna uwezekano mkubwa wa kuwa na chumba cha kulala.

Saa pia zinakusaidia. Tanzania iko mbele ya Berlin kwa saa 1 majira ya joto na saa 2 majira ya baridi. Simu unayopokea saa 5 usiku Berlin, huko ni saa 6 au 7 usiku. Wanaopiga wakati huo wengi wanasubiri bando la usiku. Wanunulie bando la kawaida ukiwa huku, mpange saa 1 hadi saa 3 usiku za Berlin. Gharama yake ni ndogo kuliko ugomvi na mwenye nyumba.

Kuhusu wageni wa Jumapili, tazama viti. Sebule zetu tunazipanga makochi yameegemea kuta zote, katikati kuna meza na nafasi. Anayeongea na aliye ukuta wa pili yuko mita 4. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka dezibeli 6, kwa hiyo kutoka mita 1 hadi 4 umepoteza 12, na koo lako linajaribu kuzirudisha. Ndani ya chumba upotevu ni mdogo kuliko huo, lakini mazoea ya koo ni yaleyale. Vuteni viti, kaeni duara, magoti kwa magoti, au kwenye mkeka juu ya zulia kama nyumbani. Umbali wa mita 1 hadi 1.2 unatosha. Pili, zima televisheni na muziki watu wanapoongea. Wasemaji wakiongezeka maradufu, kila mmoja anajaribu kusikika juu ya wenzake, na sauti ya chumba inaweza kupanda kwa kama dezibeli 6 badala ya 3 za hesabu tupu. Muziki wa nyuma ndio unaoanzisha mashindano hayo. Sabufa iondoe sakafuni kabisa. Mdundo mzito ndio unaopenya ukuta kuliko sauti zote.

Sheria ya jimbo la Berlin inalinda usiku kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili na sikukuu kwa siku nzima. Jumapili ina uzito wa pekee kwao: ulinzi wake umo katika katiba, umerithiwa kutoka katiba ya Weimar ya 1919. Hata hivyo sheria haikatazi wageni, chakula wala kicheko siku hiyo. Inakataza sauti inayosumbua waziwazi, kama kutoboa kuta. Mapumziko ya mchana, saa 7 hadi saa 9, yanakuhusu tu kama yameandikwa katika kanuni za nyumba, Hausordnung, zilizoambatana na mkataba wako, zisome. Utasikia pia kwamba kila mpangaji ana haki ya sherehe moja kwa mwezi, au tatu kwa mwaka. Sheria hiyo haipo. Karatasi ya kuwaarifu majirani ngazini ni uungwana mzuri, andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza na namba ya simu, lakini baada ya saa 4 usiku haikupi ruhusa yoyote.

Watoto usiwaguse katika jambo hili, na nasema kwa msisitizo, kwa sababu nimeona wazazi wetu wakiwafundisha watoto kutembea kwa vidole na kucheza kwa kunong'ona kwa hofu ya barua. Berlin iliweka katika sheria yake mwaka 2010 kwamba sauti za watoto ni sehemu ya kukua kwao na kimsingi zinapaswa kuvumiliwa. Mwaka uliofuata sheria ya nchi nzima ikalinda vivyo hivyo sauti za watoto za shule za chekechea na viwanja vya michezo. Ulinzi huo una mpaka: mzazi akiacha watoto wakimbizane na mpira ndani saa 5 usiku, hatetewi. Sheria moja ya nyumba inatosha, na iwahusu wakubwa pia: unayetaka kusema naye, mfuate alipo. Kuitana kutoka jikoni hadi chumbani kukikoma, utashangaa nyumba ilivyotulia.

Turudi kwenye barua. Angalia kama juu pameandikwa Abmahnung. Kama limo, ni onyo rasmi, na onyo rasmi hutangulia kufukuzwa: sheria inamruhusu mwenye nyumba kuvunja mkataba na anayevuruga amani ya jengo kwa kiwango kikubwa na kuendelea baada ya kuonywa. Kama halimo, huenda ni taarifa tu, lakini ijibu vilevile. Elewa pia kwa nini ameandika. Mpangaji anayesumbuliwa kweli ana haki ya kupunguza kodi anayolipa, hivyo mwenye nyumba anaweza kuwa analinda mfuko wake. Njia ya pili ya jirani ni polisi usiku au ofisi ya mtaa, Ordnungsamt. Chini ya sheria ya nchi nzima, faini ya kelele isiyo halali inaweza kufika euro 5,000, ingawa kwa mazungumzo ya nyumbani kiasi hicho ni cha mbali sana.

Onyo la maana hutaja tarehe, saa na aina ya kelele. Linalosema "mna kelele daima" ni dhaifu. Jibu kwa maandishi ndani ya siku chache, kwa adabu na ufupi: tumepokea barua, tunaomba tarehe na saa zinazolalamikiwa, siku fulani tulikuwa na wageni wa chakula hadi saa kadhaa, tumechukua hatua hizi, uzitaje, hedifoni, zulia, mpira wa mlango, tuko tayari kuzungumza na jirani. Usikiri ugomvi ambao haukuwepo, na usiombe radhi ya jumla "kwa kelele zetu", maana sentensi hiyo itarudi siku ya kesi. Baki na nakala. Kisha jiunge na chama cha wapangaji, Mieterverein. Kwa ada ya mwaka wanakusomea barua na mkataba na kukuandikia inapobidi. Jiunge sasa, kwa sababu bima ya kesi inayoambatana na uanachama kwa kawaida haigharimii mgogoro ulioanza kabla.

Jirani wa chini mfuate mwenyewe, siku ya kazi, kati ya saa 12 na saa 1 na nusu jioni, wewe na mume wako bila kundi. Salamu fupi, jina lenu, ghorofa yenu, halafu swali moja: anasikia saa ngapi, na akiwa chumba gani? Jibu lake litakupa nusu ya dawa. Mwachie namba ya simu, mwambie akisikia kitu atume ujumbe palepale. Akituma, jibuni kwa kushusha sauti dakika ileile bila kujieleza. Kitafunwa ni hiari, kisitangulie swali, asije akadhani ni malipo ya kumnyamazisha.

Ubaguzi utaujua kwa namna malalamiko yanavyokwenda. Malalamiko ya sauti yana saa na mahali, na hupungua mnapobadilika. Malalamiko ya chuki hayabadiliki: yanahamia kwenye harufu ya chakula, idadi ya wageni, lugha yenu, saa 9 mchana siku ya kazi. Wekeni daftari kwa wiki mbili: siku, saa, nani alikuwepo, simu zilianza na kuisha lini, na kelele za wengine pia, kama mlizisikia. Kama jirani ameandika kelele siku ambayo hamkuwepo, hifadhi tiketi au risiti ya siku hiyo. Kama Wajerumani wa ghorofa ya tatu wana sherehe hadi saa 8 usiku na hawapati barua, andika hilo. Sheria ya usawa ya 2006 inagusa pia nyumba za kupanga, na ofisi ya serikali kuu dhidi ya ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle des Bundes, inatoa ushauri bure. Angalia muda: madai chini ya sheria hiyo hudaiwa ndani ya miezi miwili.

Mama mkwe hastahili kuambiwa "shusha sauti" na mke wa mwanawe, tena mbele ya wajukuu. Aseme mume wako, na aseme kabla ya safari, kama habari za nyumba na si kosa la mtu: "Mama, nyumba yetu ni ya mbao, wa chini anasikia hadi kikohozi, usiku tunaongea kama kuna mgonjwa." Mzee wa Kitanga ataelewa hapo hapo. Akifika, kiti chake kiwe karibu na chako na mbali na ukuta wa jirani, simu yake ifungeni hedifoni tangu siku ya kwanza, na mumfundishe kupokea nayo kwa utulivu. Televisheni mwekee karibu yake, maana ikiwa mbali atapandisha sauti yake na televisheni kwa pamoja.

Kabla ya yote, pimeni masikio yake. Upotevu wa kusikia unaokuja na umri hushika sikio la ndani, na mwenye nao hujisikia hafifu, kwa hiyo hupaza bila kujua. Hakuna nasaha itakayomshusha. Dalili zake: anauliza "nini?" mara nyingi kwenye simu, anawasikia wanaume vizuri kuliko watoto, anapotea kwenye mazungumzo ya watu wengi. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, mapema kabla ya safari. Nta tu masikioni huweza kuondolewa siku hiyohiyo. Akipewa kifaa cha kusikilizia, akizoee kwa wiki chache akiwa nyumbani, kwa sababu mwanzoni kila kitu kitamwudhi, na muandike namba ya betri zake. Zile za kawaida, 13 na 312, utazipata Berlin kwenye duka la Drogerie, lile la sabuni na vipodozi.